Sanduku Lililosema Bado

Shangazi Waya hakuwa mtu wa kukaa. Waliompenda walisema ana bidii, wasiompenda walisema ana siafu kwenye kiti. Kaka yake, aliyehama kambi moja kwenda nyingine kutegemea na siku, alisema dada yake alizaliwa amesimama, mkunga ndiye aliyeomba kitanda. Chai aliinywa akizunguka meza, na kikombe alikiacha popote pale kiu ilipomwishia, ndiyo maana vikombe vya nyumba ile vilipatikana juu ya dirisha, ndani ya viatu na, siku moja, juu ya paa. Kuna mtu mtaani aliapa kwamba aliwahi kumwona ameketi kwenye kikao cha wazazi mwanzo hadi mwisho. Baadaye ikajulikana kuwa kilichoketi ni koti lake.

Jina la Waya lilitokana na kazi. Kwa miaka mingi alitengeneza redio za watu, kisha watu wakahamia kwenye simu, redio zikawa hazina mwenyewe. Badala ya kulia, akazipasua zile mbovu, akatoa spika, swichi na nyaya, akaanza kuunda vitu vya kuchezea na kujifunzia watoto wadogo. Alitengeneza ngoma inayohesabu kwa sauti kila unapoipiga. Alitengeneza ngazi ya vitaa inayopanda kadiri mtoto anavyoipulizia, na inasemekana mlevi mmoja aliipulizia akauchoma waya mkuu wa mtaa mzima. Majirani walisema fundi amerudi utotoni. Yeye aliwajibu kuwa hakuwahi kuondoka.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na mama yao. Meza ilikuwa mlango wa bafu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Chini yake makopo ya skrubu, juu yake chuma cha kulehemu kisichopoa, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ilikuwa imezama ukutani kiasi kwamba mbu waliacha kuingia. Kaka, mkewe na watoto walikaa vyumba vya nyuma.

Sasa, mtoto mkubwa wa kaka alikuwa anaoa, na kaka akaamua maharusi waanzie maisha chumba cha mbele. Ndugu hao wawili walibishana jioni nzima, mmoja ameketi, mwingine anazunguka kama panga la feni, mpaka kaka akachoka shingo kwa kumfuata kwa macho. Mwishowe wakafikia neno moja. Shule ya chekechea pale kwenye kona ilikuwa imekubali kulijaribu sanduku jipya la Shangazi Waya. Shule ikilichukua, chumba kitabaki karakana na kaka hatafungua tena mdomo. Ikilikataa, Shangazi Waya atahamia chini ya ngazi, kando ya matangi ya maji, mahali ambapo umeme haujawahi kufika hata kwa bahati mbaya. Na fundi wa umeme asiye na umeme ni kama kinyozi wa vipara.

Tangu jioni ile Shangazi Waya hakupata usingizi wala utulivu. Alilifungua sanduku, akalifunga. Akalipiga msasa palipokwisha kupigwa msasa. Akatoka kwenda kununua gundi, akarudi na kitunguu.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, na juu yake zilipangwa picha, kila picha na tundu lake pembeni. Picha ya kufuli ilingoja kibao cha ufunguo. Sindano ilingoja uzi, mguu ulingoja kiatu, mvua ilingoja mwavuli. Chini ya kila kibao mlifichwa sumaku, kila moja mahali pake, na kila kibao kilikatwa pembe moja ili kikae tunduni kwa upande mmoja tu. Mtoto akiipatia picha mwenzake, taa inawaka na sanduku linatamka kwa furaha, "Sindano na uzi!" Akikosea, sanduku linamwambia.

Linamwambia nini? Hapo ndipo palipokuwa na mjadala. Shangazi Waya alitaka liseme "Umekosea." Wifi yake, mke wa kaka, akakataa katakata. Mtoto wa umri ule, alisema, amekosea nini, na hata dunia yenyewe hajaizoea? Huyo hajakosea. Bado tu. Kwa hiyo neno likawa "bado".

Wifi ndiye aliyetoa sauti zote, maana sauti ya Shangazi Waya ilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya changarawe. Wifi alijifunga kitambaa kipya, akaketi mbele ya kinasa sauti, akatamka kila jozi kwa ile sauti anayoitumia kupokea wageni wasiotarajiwa kukaa sana. Lakini kabla hawajafika kwenye "bado", chungu kikafurika jikoni, wifi akakimbia. Shangazi Waya, asiyejua kungoja, akamfuata na kinasa mkononi, tayari kimewashwa. Wakati huohuo kaka akauliza kutoka sebuleni kama chakula kimeiva. Wifi akajibu, mgongo kwa mlango, mwiko juu:

"Baaado!"

Lilikuwa neno lenye mkia. Lilianzia chini kwenye visigino, likapanda, likapinda katikati kwa kero, likaishia juu kabisa mahali pa kuchekesha. Shangazi Waya akalichukua hivyohivyo, akalitia kwenye kijibao cha umeme kinachotoa sauti ndani ya sanduku. Vile vijibao vilikuwa na tabia moja: kila kimoja humeza neno moja tu. Ukikipa jipya, hulitema la zamani, na lililotemwa halirudi. Kwenye kinasa nako alikwisha kulifuta, apate nafasi ya kunasa mlio wa bata kwa ajili ya kazi nyingine.

Siku ya majaribio, watoto waliketi kwenye mkeka kulizunguka sanduku. Mwalimu mkuu aliketi pembeni kwenye kiti kidogo cha chekechea kilicholalamika chini yake. Alikuwa mama wa taratibu, anayetembea kana kwamba saa za dunia zinamngoja yeye. Shangazi Waya alisimama nyuma ya mlango, halafu dirishani, halafu nyuma ya mlango tena.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mtoto mmoja akauweka ufunguo kwenye kufuli, taa ikawaka, wakapiga makofi. Mwingine akauvalisha mguu kiatu. Makofi. Kisha msichana mwenye soksi za rangi mbili, ambaye wenzake walimwita Bosi, akaweka mwavuli kwenye sindano.

"Baaado!" likasema sanduku.

Darasa likavunjika. Kuna mtoto alicheka mpaka akalala chali, na mwingine akacheka bila kujua kinachochekwa, akakuta ameshindwa kuacha. Bosi, uso mkavu kama hakimu, akaweka kiatu kwenye kufuli. "Baaado!" Ufunguo kwenye mvua. "Baaado!" Wakaanza kugombea zamu, na hakuna hata mmoja aliyetaka tena "Sindano na uzi". Bosi alipokaribia kuweka uzi kwenye sindano, wenzake walimvuta mkono, wakimzomea asiharibu. Kwa muda mrefu kila kibao kilichoingia kiliingia pasipo pake.

Jasho lilimtoka Shangazi Waya hadi kwenye nyusi. Macho yake hayakuona watoto tena, yaliona kitanda cha maharusi kikipita mlango wa karakana. Mwalimu mkuu alikuwa kimya, ameinamisha kichwa, na kimya cha mwalimu mkuu hakijawahi kumfurahisha mtu yeyote. Kisha akaitwa nje, bomba la bustanini limepasuka, akatoka kwa mwendo wake uleule.

Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia Shangazi Waya, nalo halikubisha hodi. Ni nani aliyelitamka neno lile? Wifi. Na chumba ni cha nani kisipokuwa cha mtoto wa wifi? Kumbe alitegewa, tena kwa sauti ya jikoni. Angekuwa mtu wa kukaa, angekaa akafikiri. Akatoa bisibisi mfukoni, akalibeba sanduku hadi stoo ya magodoro, akalifungua, akakishika kile kijibao, akasogeza mdomo na kutamka kwa sauti yake ya bati: "Hapana. Jaribu tena."

Kijibao kikameza. La zamani likaenda zake.

Aliporudisha sanduku, Bosi aliweka kiatu kwenye mvua akiwa ameshajiandaa kucheka. Sanduku likasema, "Hapana. Jaribu tena." Watoto wakatazamana. Bosi akarudia, labda sanduku limepatwa na mafua. "Hapana. Jaribu tena." Mmoja akaanza kulia. Mwingine akainuka kwenda kwenye matofali ya mbao, na kama ujuavyo watoto, akinyanyuka mmoja wamenyanyuka wote. Mwalimu mkuu alipoingia, viatu vimelowa, alikuta mkeka mtupu na fundi akizunguka sanduku lake kama mtu aliyepoteza ng'ombe.

"Iko wapi ile sauti?" akauliza.

Shangazi Waya akaeleza kwamba ameirekebisha. Watoto walikuwa wanakosea kila mara.

"Kila mara," mwalimu mkuu akakubali. "Hilo ndilo lililonishangaza. Mimi nikikupa mtihani wa jambo usilolijua, hata kwa kubahatisha utapata moja. Hawa hawakubahatisha hata moja. Uzi ulipokaribia sindano walimshika mwenzao mkono. Mtoto hawezi kulikwepa jibu asilolijua."

Akakibonyeza kibao kwa kidole, akasikiliza "Hapana. Jaribu tena," akakunja uso. Hii, alisema, inamkumbusha mtu wa dirisha la benki. Walimu wa madarasa mengine watakuja kuliona sanduku kesho asubuhi, na yeye yuko tayari kulisemea. Lakini awaletee lile la saa ile, linalosema "bado". Hili la sasa asilete.

Njiani Shangazi Waya alitembea upesi hadi akapita nyumba yao, ikabidi arudi.

Wifi alikuwa jikoni na maharage. Shangazi Waya akamwambia kwa kifupi kwamba neno limepotea na linatakiwa tena, akawasha kinasa, akakiweka kando ya chumvi. Wifi akapangusa mikono, akasimama wima.

"Bado," akasema.

Siyo lenyewe. Akajaribu tena. Hilo lilikuwa la mtu anayeuza sabuni redioni. La tatu lilikuwa la karani anayekufungia dirisha usoni. Shangazi Waya akamwomba avute zaidi, akavuta, likatoka kama mtu anayepigwa sindano. Akamwomba akasirike kidogo. Wifi akasema hana hasira ya kuazimisha.

"Lile lilikuwa na mtu wake, wifi," akasema. "Neno haliji tu kwa kuitwa. Na kwanza, la mwanzo lilipoteaje?"

Shangazi Waya akaanza kuzunguka jiko. Akagusa kifuniko, akagusa kisu, akapanga vijiko vilivyokuwa vimepangwa. Mwisho akasema, "Nililifuta mwenyewe. Watoto walipocheka nilidhani umenitegea."

"Nikutegee kwa nini?"

"Chumba."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. "Kama ningetaka kukuharibia," wifi akasema taratibu, "ningenyamaza tu, ukose sauti. Na lini uliwahi kunisikia nimenyamaza?"

Shangazi Waya akapekua kumbukumbu zake zote. Ni kweli, hakuwahi.

"Halafu leo unakuja, wewe uliyenidhania hivyo, unaniomba nimtoe mwanangu chumbani kwa mdomo wangu mwenyewe. Unajua ndicho unachoomba?"

"Najua."

"Basi simama. Unanitia kizunguzungu, na hili nataka ulisikie ukiwa mahali pamoja."

Shangazi Waya akasimama. Ilimuuma kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine, lakini akasimama, mikono nyuma, mgongo kwenye kabati.

Wifi akasema kwamba yeye mwenyewe aliletwa bibi harusi katika chumba kilekile cha mbele. Ukuta wake ni karatasi. Akikohoa, mama mkwe anamuuliza kutoka upande wa pili kama amekunywa dawa. Akicheka na mumewe, mama mkwe anacheka pia, halafu anauliza walikuwa wanacheka nini.

"Na wewe," akasema, "ulikuwa msichana mdogo, umechuchumaa mlangoni na bisibisi, unafungua kitasa ujue kinafanyaje kazi. Siku ya pili ya ndoa yangu, wifi. Nageuka, naona jicho lako mahali palipokuwa na kitasa."

Shangazi Waya alikumbuka kitasa. Kilikuwa na springi nzuri sana. Jicho hakulikumbuka, maana lilikuwa lake.

"Sasa zamu hii mama mkwe ni mimi," wifi akaendelea, akishusha sauti. "Namjua mtu huyo. Nitajiuma ulimi siku mbili, ya tatu nitamuuliza yule binti kama amekunywa dawa. Sitaki. Nataka wakae mbali, waje Jumapili, waondoke nikiwa bado nawatamani."

Shangazi Waya akauliza kwa nini hakumwambia kaka maneno hayo.

"Nimwambie nini? Kwamba nyumba ya mama yake ilinibana? Miaka yote hii nayatafutia njia ya kutokea, hayaipati."

Maharage yalichemka. Na hapo, kutoka sebuleni, kaka akapaza sauti, sauti ya mtu aliyenyoosha miguu na kujua jibu analolitaka.

"Mama watoto! Huyo ameshaanza kutoa makorokoro yake chumbani?"

Mwili wa wifi wote ulijikusanya. Shangazi Waya aliona kabisa neno likianza safari kutoka kwenye visigino, likipita magotini, likikusanya njiani kitasa, na dawa ya kikohozi, na kicheko cha nyuma ya ukuta.

"Baaaado!"

Vifuniko vya masufuria vikasalimiana ukutani. Paka aliyelala dirishani alihamia kwa jirani, na wapo wanaosema amekwisha kupata wajukuu huko. Lile la kwanza lilikuwa mtoto wa hili.

Shangazi Waya hakuusogeza hata mkono. Kando ya chumvi, kitaa chekundu cha kinasa kilikuwa kinawaka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukigusa kitu alichoogopa kukiharibu.

Kisha kaka akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Bado mpaka lini?"

Wifi akavua aproni. Akampa Shangazi Waya mwiko. "Koroga," akasema. "Usitoke hapa. Yakiungua utayala wewe." Akaelekea sebuleni akijifunga upya kitambaa kichwani, kama mtu anayekwenda kupokea mzigo wake mwenyewe kituoni.

Shangazi Waya akakoroga. Hakusikia yote, maana ukuta wa jikoni ni mnene kuliko ule mwingine, ila alisikia kiti cha kaka kikivutwa, sauti ya wifi ikienda chini na mbali, na kaka akisema "kitasa?" kwa mshangao wa kweli. Miguu ilimwasha. Alitamani atoke, aingie, afungue kitu chochote chenye skrubu. Akakoroga. Maharage hayakuungua, na mpaka leo hilo ndilo watu wa nyumba ile wanalokataa kuliamini katika habari hii yote.

Asubuhi walimu walikuja, wakaketi kwenye viti vidogo wakiwa na nyuso za watu wazima. Bosi akaweka kiatu kwenye mvua. Walimu wakajikaza. Mara ya pili mmoja wao akakohoa ndani ya kitambaa. Mara ya tatu mwalimu wa darasa la juu, mtu mwenye tai, akaomba kibao kwa heshima, akaweka uzi kwenye kufuli kwa mkono wake, akacheka mpaka tai ikageuka mgongoni. Mwalimu mkuu alisubiri wamalize. Kisha akamwambia Shangazi Waya kwamba kila darasa litahitaji sanduku lake, na akamwomba, tafadhali, asirekebishe chochote.

Kaka alishika neno lake, ingawa alilimeza kama kidonge bila maji. Kilichobaki ni mwanawe na mchumba wake, ambao hawakuwa wameambiwa kitu, na ambao mchana huohuo walifika na futi ya kupimia chumba.

Walimkuta Shangazi Waya juu ya ngazi, akining'iniza nyaya darini ili apate nafasi mezani. Hakujua aanzie wapi kuwaeleza, akateremka, akapanda tena. Binti akapima dirisha. Akapima ukuta wa pili. Alipofika mezani, akaliona sanduku, na kwa kuwa lilikuwa zuri na vibao vyake vilikuwa vyekundu, akakiokota kimoja, akakitia kwenye tundu la karibu bila kuangalia picha.

"Baaaado!" ikasema sauti ya mama mkwe wake.

Binti aliruka, futi ikajikunja yenyewe na kumgonga kidole. "Abee, mama!" akaitika, akapiga goti nusu, akigeukia mlango wa nyuma.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Wifi alikuwa sokoni. Kijana alianza kucheka, akamtazama shangazi yake juu ya ngazi, akaacha. Binti akainuka polepole, akaukaribia ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, akasikiliza jinsi ulivyoitikia upande wa pili.

"Vile vyumba vya kupanga vya ng'ambo ya reli," akamuuliza mchumba wake, akiweka futi ndani ya mkoba, "bado vipo?"

"Jana vilikuwepo."

"Basi twende," akasema, na kabla kijana hajamuaga shangazi yake, yeye alikuwa ameshafika barabarani.